Mkanda Uliobaki Ukutani

Gereji nzima inajua sina subira. Hata tajiri mwenyewe, mwenye gereji, akitaka kuniambia jambo, huanza kwa kukohoa, halafu anaangalia viatu vyake, halafu ndiyo anasema. Na mimi humjibu kabla hajamaliza.

Kazi yangu ni kuandaa bati jipya kabla halijaingia rangi. Boneti, milango, chochote kilichonunuliwa kuchukua nafasi ya kilichogongwa. Watu wanadhani rangi ndiyo kazi. Rangi ni dakika arobaini! Kazi ni zile siku mbili za kabla yake, za kusugua na kufuta na kuziba, na hizo ni zangu. Wananiita Mama Mkanda kwa sababu ya ule mkanda wa karatasi wa kuzuia rangi, ninaoshinda nao mkononi kama bangili. Mpaka rangi wetu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye tunamwita Ukungu, maana akitoka kwenye chumba cha rangi yanaonekana macho tu.

Boneti mpya haiji uchi. Inakuja imepakwa weusi fulani, na asiyejua kazi akiuona hufurahi, anadhani nusu ya kazi imekwisha. Mimi nalowesha kitambaa kwa thina ya kuyeyusha rangi, nakikandamiza juu ya ule weusi kwa dakika moja, kisha nafuta. Weusi ukibaki kwenye bati, hiyo ni kinga ya kweli, unaisugua kidogo na kupaka juu yake. Weusi ukija na kitambaa, hiyo ni rangi ya safari tu, ya kuzuia kutu njiani, na lazima uitoe yote mpaka chuma. Na chuma kikiwa wazi hakishikwi kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja likibaki pale, baada ya miezi michache vidole vyako vitachomoza chini ya rangi, vyote vitano, kama umetia sahihi. Nimeshamfukuza fundi mmoja kwa sababu ya kidole gumba chake, na sijutii.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe. Boneti ina kufuli kubwa, lile ambalo dereva hulifungua kwa kuvuta waya akiwa amekaa. Halafu ina ndoano ndogo ya akiba, yenye springi. Kufuli likiachia gari likiwa mwendoni, ndoano hudaka. Pasipo ndoano, upepo huinua boneti yote na kuibamiza kwenye kioo cha mbele, na dereva haoni mbele, haoni kitu. Kwenye boneti tunazonunua sisi, ndoano huja imeshafungwa chini yake. Kwa hiyo kabla ya rangi naivuta nyuma, naizungushia mkanda mara tatu isitoke, ili rangi isiigandishe springi. Rangi ikikauka, natoa mkanda, natia tone la mafuta, basi. Boneti hufunga vizuri hata ndoano ikiwa imefungwa mkanda. Ukiiangalia kwa nje huwezi kujua.

Miaka kumi na moja iliyopita lililetwa gari likivutwa, boneti imejikunja juu ya kioo kama mkeka. Halikutengenezwa kwetu, namshukuru Mungu. Wanaume wote wa gereji siku hiyo wakajifanya wana shughuli. Viti vya gari lile niliviosha mimi, na ndoo sita za maji. Sitaki kusema zaidi.

Tangu siku hiyo nikajiwekea utaratibu wa pacha. Kila ninapobandika mkanda mahali pasipoonekana, nakata kipande kingine cha urefu uleule, naandika umefichwa wapi, nakibandika ukutani karibu na bomba la kunawia. Huyo ndiye pacha. Kwenye mkanda wa kwenye gari naandika TOA. Nikiutoa, natoa na pacha wake. Pacha akiwa ukutani, gari haliondoki, hata aje mwenye nchi. Mafundi walinicheka mpaka wakachoka. Ukungu alisema ukuta wangu unafanana na mgonjwa aliyebandikwa plasta. Cheka tu, nilimwambia, siku utakayolala usingizi mzuri utanikumbuka. Na miaka kumi na moja hakuna pacha aliyewahi kubaki.

Wiki ile tajiri aliniletea boneti mbili kwa mpigo. Magari mawili ya aina moja, meupe yote mawili, yamegongwa mbele yote mawili. Moja la binti yangu. Lori lilirudi nyuma bila kuangalia, likamgonga akiwa amesimama zake kwenye foleni, anaongea na simu. La pili la mzee mmoja mstaafu ambaye lango la nyumbani kwake lilifungwa na upepo akiwa ndiyo anaingia. Huyu mzee alikuwa anakuja kila siku kukagua kazi na tochi mkononi. Mchana! Jua linawaka, yeye anamulika bati. Tukampa jina la Mzee Tochi. Na anaendesha taratibu utadhani anasindikiza jeneza. Siku aliyoleta gari alifuatwa na magari manane yanayopiga honi, akashuka akauliza kama kuna harusi.

"Fanya zote pamoja," tajiri alisema, baada ya kukohoa. "Tutaokoa muda."

"Mimi hufanya moja moja."

"Ni boneti zilezile, mama. Kazi ileile."

Nilinung'unika, lakini nikafanya. Weusi wa boneti zote mbili ulikuja na kitambaa, rangi ya safari tupu. Nikaitoa yote mpaka chuma, nikapaka praima, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma, siku hiyohiyo kabla hewa haijazila, nikaziba mishono ya pembeni. Nikafunga ndoano zote mbili. Ukutani nikabandika mapacha wawili, nikaandika kama nilivyozoea: ndoano, ndoano. Sikuandika ya gari lipi. Sijawahi kuandika, kwa sababu sijawahi kuwa na magari mawili.

Siku ya kuyatoa, magari yalisimama ubavu kwa ubavu uani, boneti juu, vibao vya namba bado viko mezani kwa tajiri. Mzee Tochi alikuwa ameshafika. Ameinama anamulika ukingo wa boneti yake, pua karibu iguse rangi. Nikasema moyoni, ngoja nimalizane na huyu kwanza aniondokee. Nikaingiza kichwa chini ya ile boneti aliyokuwa anaimulika, nikachana mkanda, nikatia mafuta, nikaibonyeza ndoano kwa kidole. Ikaruka vizuri. Nikaenda ukutani, nikabandua pacha mmoja, nikamfinyanga na kumtupa.

Nageuka hivi, namsikia binti yangu getini. "Mama! Njoo umwone huyu, amejua kupiga kelele!"

Mjukuu wangu ana miezi mitano. Niambie, wewe ungefanya nini? Nikavua glovu nikamchukua. Akanikamata mkanda wa mkononi akaanza kuutafuna, na mimi nikaanza kuongea zile lugha zisizo na maana ambazo watu wazima huongea. Tajiri akashusha boneti zote mbili, pu, pu, akafunga vibao vya namba. Binti yangu alikuwa na haraka. Anakwenda kumwonyesha mtoto kwa wakwe zake, safari ya mwendo wa saa tatu nzima, na walikuwa wanamngoja kwa chakula cha mchana.

"Na simu hiyo zima," nikamwambia dirishani. "Usiiguse mpaka ufike. Niapie."

"Naapa, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu, jamani! Niachie dirisha langu."

Wakaondoka. Bado nimesimama napunga mkono kama kichaa, Mzee Tochi akanijia. "Samahani mama, naomba nifungulie boneti nione na kwa ndani. Nina safari leo, nawachukua wa..."

Sikumwacha amalize. "Mzee, kwa ndani kuna nini? Kuna injini, ileile uliyokuja nayo! Siku tatu unanimulika. Rangi haijakomaa, usiifunguefungue. Chukua gari lako uende na Mungu."

Akazima tochi yake, akaiweka mfukoni. Akasema ahsante. Akatoka getini taratibu kama kawaida yake, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, mafundi wakacheka.

Saa nne, wakati wa chai, nikaenda kunawa. Nikafungua bomba, nikajipaka sabuni mpaka kwenye viwiko, nikainua macho.

Pacha yuko ukutani.

Ndoano, imeandikwa. Mwandiko wangu.

Kwanza sikuelewa. Nikamwangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyeingia bila hodi. Halafu nikashika ukuta kwa mikono yenye sabuni. Niliwaza kitu kimoja tu: nilitoa ya mzee, ya mwanangu sikutoa. Mwanangu yuko barabara kuu na mtoto mchanga nyuma, ndoano imefungwa, na lile kufuli kubwa la gari lake tulilinyoosha kwa nyundo, halikubadilishwa.

"Ukungu!" Sauti iliyotoka siijui ni ya nani.

Akaja mbio, kikombe mkononi. Nikamwonyesha ukuta. Chai yote ikamwagika.

Nikampigia binti yangu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Bila shaka haipatikani, si mimi niliyemwapisha? Nikampigia mkwe wangu, yuko kazini mbali, simu yake inaita tu. Ukungu alikuwa ameshachukua ufunguo wa pikapu. Mlangoni akasita.

"Dada, una uhakika ni ya mtoto? Ngoja tumpigie na yule mzee. Namba yake ipo kwenye daftari la tajiri."

"Ya mzee nimeitoa kwa mikono yangu, mwenyewe amesimama pale ananimulikia!"

"Dakika moja tu."

"Dakika moja mwanangu anakufa! Mimi ndiye najua kazi yangu! Washa gari!"

Akawasha.

Nimewahi kuogopa maishani. Nimewahi kuogopa wakati wa kujifungua, nimewahi kuogopa siku mume wangu alipopelekwa hospitali hakurudi. Lakini huo ulikuwa woga wa kungoja. Huu ulikuwa mwingine, huu nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, kwa mkanda wangu, mizunguko mitatu. Njia ya kutokea mjini ina matuta, na kila tuta tulilolipita nilisema kimoyomoyo: hapa kufuli lingeachia. Tukipita salama, nasema: basi lile linalofuata. Nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili, sabuni imenikaukia mikononi, inawasha.

"Kimbiza!"

"Nakimbiza, dada. Hili ni pikapu."

"Lisukume basi!"

Ukungu hakucheka. Alikuwa anakodoa macho barabarani, na midomo inamchezacheza. Nikajua anaomba, na Ukungu si mtu wa kuomba. Hilo likanitisha kuliko yote.

Tukatoka kwenye matuta tukaingia barabara kuu, pale ambapo watu hufungulia mwendo. Nikaona vioo vimetapakaa pembeni ya lami, vinameremeta. Nikafumba macho. "Ni vya zamani," Ukungu akasema haraka. "Vina vumbi, dada. Angalia, vina vumbi." Sikuweza kuangalia. Nilimwona mjukuu wangu na mkanda wangu mdomoni. Niliona zile ndoo sita.

Baada ya mwendo wa saa nzima na ushei, magari mbele yetu yakaanza kusimama. Foleni ndefu, na kule mbele watu wanakimbilia kwenye kitu. Unajua watu wanavyokimbilia ajali, mikono kichwani. Nikafungua mlango kabla pikapu haijasimama.

"Dada!"

Sikusikia. Nikakimbia katikati ya magari, kiatu kimoja kikabaki njiani, sikukirudia. Nilikuwa nasema kitu kwa sauti, Ukungu aliniambia baadaye. Nilikuwa nasema, "Nichukue mimi, nichukue mimi." Watu wakanipisha. Ukimwona mwanamke mzima anakimbia hivyo na kiatu kimoja unampisha tu, unajua kinachompeleka.

Ilikuwa lori. Lori limemwaga saruji, mifuko imepasuka, na wale watu walikuwa wanakimbilia mifuko. Dereva wa lori amekaa kando, ameshika tama, mweupe wa vumbi mpaka kwenye kope. Nikamshika bega. "Umeona gari jeupe? Dogo, jeupe, dada mmoja na mtoto?"

"Mama, meupe ni mengi," akasema.

Nikakaa chini palepale kwenye lami. Ukungu akaja akaniinua, akanirudisha kwenye pikapu kama mgonjwa, na kiatu changu mkononi mwake.

Tulimpata baada ya kama robo saa nyingine. Kituo cha mafuta, upande wa kushoto. Gari jeupe limeegeshwa kivulini, mlango wa nyuma uko wazi, na binti yangu ameinama ndani anambadilisha mtoto nepi. Mzima. Wazima wote wawili. Anaimba.

"Usiguse hilo gari!" nikapiga kelele kutoka dirishani. "Toka! Mtoe mtoto!"

Aligeuka kwa hofu, nepi mkononi. "Mama? Mama, kuna nini? Nani amekufa?"

Nikavuta waya wa boneti, nikazunguka mbele, nikaingiza vidole kutafuta ndoano. Nilitegemea boneti iinuke yenyewe, bila kizuizi. Haikuinuka. Ilikwama. Nikasukuma kwa kidole, kitu kikasogea, laini, chenye mafuta. Nikainua boneti.

Ndoano haina mkanda. Inang'aa kwa mafuta yangu.

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka kama mwendawazimu, nikaibusu ile boneti, nikambusu mwanangu, nikamnyang'anya mtoto akiwa hana nepi nikamkumbatia mpaka akalia. Nilimshukuru Mungu kwa majina yake yote ninayoyajua. Watu wa kituo cha mafuta wakawa wanatuangalia. Nikawaambia, "Ni mwanangu huyu! Ni mwanangu!" Kama vile kuna aliyebisha.

Binti yangu alingoja nitulie kidogo. Kisha akauliza kuna nini, na mimi nikamweleza, huku nacheka, huku nalia. Mkanda, pacha, ukuta.

"Lakini mama," akasema, "si nilikuona unautoa? Nilikuwa nimesimama getini na mtoto, sijakuita bado. Yule mzee wa tochi alikuwa anamulika gari langu, nikacheka peke yangu. Nilitaka kumwambia, baba, la kwako ni hilo lingine. Hata yeye alikuwa hayatofautishi. Ukaja ukainama hapohapo alipokuwa anamulika."

Nilikuwa nimembeba mtoto begani. Nakumbuka uzito wake. Nakumbuka aliacha kulia.

"Na ukutani ulibandika mingapi?" akauliza.

Ukungu hakuniangalia. Alikuwa ameshatoa simu, anampigia tajiri, anasema, "Lifungue daftari. La wateja. Namba ya Mzee Tochi. Isome polepole." Akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu ya binti yangu. Akaipiga, akaweka spika.

Iliita mpaka ikakata.

Akapiga tena. Ikaita. Nilihesabu milio, kumi na mmoja, ikakata. Mara ya tatu nikamwambia, "Labda ni mtu wa kutopokea akiendesha." Ukungu akasema, "Labda." Mara ya nne iliita mara mbili tu, ikanyamaza ghafla. Sikuwa na la kukimbilia safari hii. Hatukujua amekwenda upande gani. Nilikuwa nimemkatiza wakati anataka kuniambia.

Kisha simu ikaita yenyewe, mkononi mwa Ukungu. Akanipa mimi.

"Nani anapiga mara nne?" Sauti ya mzee. Nyuma yake nikasikia tiki tiki ya taa ya kukata kona. "Samahani, huwa sipokei nikiendesha. Nimesimama pembeni sasa. Nani mwenzangu?"

"Mzee," nikasema. "Ni mimi. Mama Mkanda. Wa gereji."

"Ah. Mama. Kumbe umenipigia vizuri. Boneti hii mliyofunga inagongagonga, tangu kama dakika kumi hivi. Nimepunguza mwendo, watu wananipigia honi mpaka basi. Nikasema labda ndiyo hiyo rangi haijakomaa, kama ulivyosema."

Kufuli lilikuwa limeshaachia; na lake tulilinyoosha kwa nyundo vilevile. Bati lile lilikuwa limelala juu ya injini kwa uzito wake tu. Dakika kumi. Mtu mwingine yeyote, mtu mwenye haraka, mtu kama mimi, angekuwa ameshaondoka duniani.

"Mzee, usiliondoe hilo gari. Nakuomba. Shuka, inua boneti, angalia kwenye ukingo wa mbele, katikati. Kuna ndoano ndogo. Niambie kama ina mkanda wa karatasi."

Nikasikia mlango. Nikasikia malori yanapita karibu naye, mavumo makubwa. Halafu kimya, halafu akarudi.

"Upo," akasema. "Nimeumulika. Kuna neno limeandikwa. Toa."

"Ndiyo, mzee. Utoe. Umezungushwa mara tatu."

Nikamsikia anauchana, polepole, kama afanyavyo kila kitu. Springi ikalia. Nikamwambia ashushe boneti, aibonyeze kwa viganja viwili, alitikise bati aone kama limeshika. Akaniambia limeshika. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yananikanyagana mdomoni, nikamwambia nimekosa mzee wangu, nimekosa sana, nilidhani ni la binti yangu, nimemkimbilia yeye njia nzima.

"Umejua tangu saa ngapi?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Binti yangu alikuwa ananiangalia, na Ukungu alikuwa anaangalia namba iliyoandikwa kiganjani mwake.

"Tangu saa nne, mzee."

"Sasa inakaribia saa sita."

"Ndiyo."

"Namba yangu niliwaachia. Niliiandika kwa herufi kubwa, kwa sababu macho ya watu hayalingani."

"Ndiyo, mzee."

Nikadhani amekata. Hakukata. Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa upande wake, na sauti ya mtoto, na nyingine ndogo zaidi, zinagombania dirisha.

"Babu, mbona tumesimama? Nani huyo kwenye simu?"

"Ni fundi," akasema mzee. "Anauliza kama tumefika salama."